Maman Maître Anakitaka Kiti

Kuna watu ukiwauliza habari yao wanakuambia nzuri, hata kama mvua inavuja juu ya kitanda. Huyu mama ukimwuliza habari, ujue umejitakia. Atakueleza goti la kushoto limeamkaje, jirani wa juu amesukuma kabati saa ngapi, na ni jaji gani aliyemkata kauli juzi na yeye akamjibu nini. Akimaliza anakutazama, zamu yako sasa, na ole wako ujibu nzuri. Alikuwa anasema mtu anayejibu "nzuri" hataki kuongea na wewe, bora angevuka barabara akapita upande wa pili.

Sisi tuliopitia mikononi mwake tulimwita Maman Maître. Hapa Bruxelles, Ubelgiji, kila wakili huitwa Maître, awe mkongwe awe ameapishwa jana, na kila mama wa Kikongo wa umri wake huitwa Maman. Yeye alikuwa vyote viwili na hakukubali apunguziwe hata kimoja. Karani wa mahakama akimwita "Madame" tu, alikuwa anageuka nyuma kumtafuta huyo Madame, anamtafuta kweli kweli, anainama hadi chini ya benchi, mpaka karani anacheka na kujisahihisha.

Alikozaliwa na baba yake alikuwa nani, hayo nayaacha. Mwenyewe hakuyapenda. Mtu akianza kumchimba ukoo, alimwambia kwamba yeye ni wa Bukavu, na aliyebaki na swali aende Bukavu akaulize. Mimi pia nimetoka huko, nililetwa hapa mdogo na kusoma sheria hapahapa, basi tulielewana upesi. Tuligombana upesi pia. Sikumbuki wiki hata moja iliyopita bila yeye kunifukuza ofisini asubuhi na kuniuliza mchana mbona sijala.

Ofisi yenyewe ilikuwa Molenbeek, karibu na mfereji, juu ya duka la Mmoroko anayeuza mapazia. Kilikuwa chumba kimoja kilichokatwa katikati kwa kabati la vitabu, upande huu yeye, upande ule mwanafunzi wake. Wateja walingoja kwenye ngazi, na ngazi ile ilijaa tangu asubuhi: wamama wa Kivu wenye kesi za makaratasi ya ukaazi, vijana waliofukuzwa kazi, wapangaji waliogombana na wenye nyumba. Nyuma ya mafaili alificha jiko dogo la umeme, kwa sababu hakuamini kwamba mtu mwenye njaa anaweza kuelewa mkataba. Siku moja alikuja wakili wa upande wa pili, bwana mmoja wa mitaa ya juu mwenye viatu vinavyong'aa, kuzungumzia suluhu. Alikataa kahawa, akakataa maji, lakini harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, ilimshinda. Alikula kwa vidole, mikono ya shati imekunjwa, akatia sahihi suluhu yetu kama ilivyoandikwa. Mpaka leo sijui kama ni hoja zetu au ni ndagala.

Alikuwa na njia moja ya kazi, na ukikaa naye ilikuwa lazima ikuingie. Mteja akishakaa na kusalimiwa, salamu ndefu, watoto, kifua, mvua ya nchi hii, Maman Maître aliweka mikono juu ya meza na kumwuliza: unataka nini? Watu wetu swali hilo liliwatoa jasho. Sisi hatuombi hivyo. Sisi tunaanza na vita, tunapita kwenye kambi, tunamtaja shangazi aliyetulea, tunafika kwenye jambo lenyewe wakati mtu ameshika kitasa cha mlango. Kulikuwa na mama mmoja wa Uvira aliyelia kwa kuulizwa hivyo, akaona amedharauliwa. Maman Maître alimpa kitambaa, akangoja, akamwuliza tena vilevile kwa sauti ya chini. Yule mama alifikiri, akasema anataka mumewe aje. "Voilà," Maman Maître akasema, "sasa tuko na kesi." Alitufundisha kwamba jaji ana mafaili mengi na chakula chake cha mchana kinapoa. Mwambie kwanza unataka nini, mengine atakuuliza mwenyewe.

Mimi mwenyewe nililionja swali hilo siku ya kwanza. Kwa asiyejua mambo ya hapa: ukimaliza chuo cha sheria hujawa wakili bado. Lazima wakili mwenye uzoefu akupokee ofisini kwake, ufanye kazi chini ya mkono wake miaka mitatu. Hiyo ndiyo staji. Usipopata wa kukupokea, vyeti vyako ni vya kuning'iniza ukutani. Nilikuwa nimepiga simu ofisi zote kubwa za mji huu. Sekretari alinisikiliza vizuri mpaka nitaje jina langu, halafu ghafla nafasi zimejaa. Nilipopanda ile ngazi ya Molenbeek nilikuwa nimekwisha kata tamaa, na nilianza kama tulivyolelewa: kwanza niombe radhi kwa kukusumbua Maître, nimesikia sifa zako nyingi, mama yangu mdogo anasali na binamu yako. Aliinua mkono.

"Unataka nini, mutoto?"

"Staji," nikasema.

"Bon. Tundika koti yako pale."

Nilitundika koti, na sikuliondoa miaka mitatu. Alikuwa akipokea mmoja tu kwa wakati mmoja, kwa sababu nyuma ya lile kabati akikaa mmoja, wa pili atasimama. Kila nilipofungua mlango kulikuwa na simu ya msichana au mvulana mwingine, jina la Kiafrika, alama nzuri, hana pa kwenda. Alikuwa akikata simu hizo na kukaa kimya dakika nzima. Yeye kukaa kimya ilikuwa shida kubwa.

Sasa usidhani huyu aliyemwuliza kila mtu anataka nini alikuwa jasiri wa kuomba mwenyewe. Thubutu. Mbele ya majaji watatu aliomba mambo ambayo mimi nikisikia masikio yananiwaka moto, lakini njiani hakuweza kumwuliza mtu uelekeo. Tulialikwa ubatizo kule Berchem-Sainte-Agathe, kwenye zile nyumba zinazofanana, matofali yaleyale, uzio uleule, pazia lilelile. Alishuka kwenye tramu na sufuria ya sombe, kisamvu chetu, imefungwa kwa kitenge, akasema njia anaijua. Tulizunguka mpaka sombe ikapoa. Kila nilipotaka kuuliza mtu alinivuta mkono kwa hasira. Tulifika watu wanakata keki, na aliwaambia wenye sherehe kwamba treni ilichelewa, wakati sisi tulikuja kwa tramu.

Saa ndiyo usiseme. Mwanafunzi akichelewa alimpa hotuba, na hotuba yenyewe aliitoa akiwa anavua koti, kwa sababu na yeye ndio kwanza anafika. Kwenye sherehe alivua viatu wimbo wa kwanza ukianza, akacheza hadi watu wakunje meza, akiimba nyimbo za Kilingala ambazo maneno yake aliyajua nusu na nusu nyingine aliitunga papo hapo. Watu wa Kinshasa walimwomba kwa heshima aimbe kwa Kiswahili. Alikataa.

Nyumbani aliishi Evere, ghorofa ya pili, na jirani yake mlango kwa mlango alikuwa padre mzee wa Kibelgiji, mmisionari wa zamani, aliyekaa Kivu tangu ujana wake mpaka walipomrudisha kwa sababu ya moyo. Mon Père, ndivyo tulivyomwita, alikuwa anaongea Kiswahili cha milimani kabisa, cha kuchimba viazi, na akiwa na hasira alitukana kwa Kimashi, lugha ya kwetu Bukavu. Jumapili baada ya misa walicheza karata. Maman Maître aliiba karata waziwazi, padre aliona, na aliniambia kwamba amesikiliza maungamo maisha yake yote, hawezi kushangazwa na malkia wa kopa ndani ya mkono wa blauzi.

Nimezunguka, najua. Yeye angeshaniuliza nataka nini. Nataka kusema habari ya kile kiti.

Tuna chama chetu, mawakili wenye asili ya Afrika wa mji huu. Wamo Wakongo wengi, Warundi, Wakameruni, Waguinea, na wengine mmoja mmoja. Tuna mkutano mkuu, tuna rais anayechaguliwa kila miaka miwili, na tuna desturi moja ambayo haikuandikwa mahali popote lakini ina nguvu kuliko katiba ya chama. Desturi yenyewe ni kwamba hakuna anayegombea. Mtu anaombwa. Ujumbe unakwenda nyumbani kwake siku ya Jumapili, wanakula, wanashukuru, halafu kiongozi wa ujumbe anamwambia chama kinalia, tunakuomba. Yeye anasema hapana, mimi nani. Wanamwomba tena. Anasema presha, watoto, kazi nyingi. Mara ya tatu anaugulia, anasema basi, kama ndivyo mnavyotaka, mapenzi yenu. Na kila mtu mle ndani anajua kwamba suti ya kuapishwa imepigwa pasi tangu mwezi uliopita. Wanaombwa wawili au watatu, halafu ndipo mkutano unapiga kura. Nadhani tuliianza sisi watu wa Kivu, wengine wakaiga, Wakameruni wakaongeza divai.

Mlinzi wa desturi hiyo alikuwa mzee wetu mmoja wa Goma, tuliyemwita Papa Doyen kwa kuwa ndiye mkubwa wa chama kwa umri. Mpole, mrefu, tai yake imenyooka hata kwenye joto. Yeye ndiye aliyeongoza kila ujumbe, na hotuba zake za kuomba zilikuwa tamu, watu waliomba waende naye kusikiliza tu.

Mara ya kwanza Maman Maître kukitaka kile kiti mimi nilikuwa na miezi michache tu ofisini kwake. Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa parokia. Papa Doyen alikuwa amesimama anataja majina ya walioombwa wakakubali, kwa unyenyekevu, shingo upande. Alipomaliza, Maman Maître akasimama na kusema kwa Kifaransa kizito cha Bukavu, ambacho hakuwahi kukilainisha kwa ajili ya mtu, kwamba aongezwe na yeye. Hakuombwa na mtu. Anakitaka mwenyewe.

Ukumbi mzima ulishtuka, utadhani mtu amevua nguo. Wanaume walitazama viatu vyao. Mama mmoja wa Kikameruni aliyekuwa nyuma yangu alisema "Eh!" kisha akajifunika mdomo. Mtu anakitaka kiti, na anasema? Tena mwanamke? Basi walimnyima kura kwa upole mkubwa, wakamkumbatia kila mmoja, wakampa sambusa za kubeba. Tulitoka, tukanunua friti, chipsi za hapa, kwenye kibanda, tukala tumesimama kwenye upepo. Nilikuwa nimekasirika. Yeye alichovya friti kwenye mayonezi, akasema, bon, sasa wanajua.

Mara ya pili ndiyo mpaka leo nikiikumbuka kwenye metro watu wananitazama kwa jinsi ninavyocheka. Miaka miwili ilikuwa imepita na alikuwa amefikiri sana. Aliona kama njia ya kiti ni kuombwa na kukataa, basi atakataa. Lakini kukataa hakukujua, hajawahi. Akaenda kwa Mon Père. Padre alimwambia hilo ni jambo dogo, Kanisa zima linaendeshwa hivyo, hajawahi kumwona askofu aliyekubali mara ya kwanza. Wakafanya mazoezi Jumapili kadhaa, karata zimewekwa pembeni. Padre alikuwa ujumbe, Maman Maître alikuwa mwombwa. Alimfundisha kuinamisha macho, kuweka mkono kifuani, kuvuta pumzi kabla ya neno hapana. Mimi nililetwa kuhukumu. Kusema kweli alikuwa hodari wa kutisha. Alikataa mpaka padre mwenyewe akafuta machozi.

Ujumbe ukaja, kwa sababu Papa Doyen alimpenda na aliona safari hii tumtendee haki. Walikuwa wanne, wote watu wa Kivu. Mimi nilikuwa jikoni napakua. Tulikula bugali, sombe, samaki, wakasifu, wakanawa. Papa Doyen akasimama na kumwaga hotuba yake yote: chama kinalia, chama kinamtazama yeye. Maman Maître akainamisha macho. Mkono kifuani. Pumzi.

"Apana, ba-papa. Mi siwezi. Miko muntu mudogo. Mutafute mwingine."

Nikangoja jikoni, kijiko mkononi, nisikie wakiomba mara ya pili. Hawakuomba. Papa Doyen alikuwa anamtazama kwa huzuni ya kweli. Kisha akasema, na kila neno ninalo kichwani mpaka kesho:

"Maître, tangu tunakujua, haujasemaka kitu chenye hautaki kusema. Bengine bakituambia apana, tunajua ni ndiyo. Weye ukisema apana, ni apana. Donc tumesikia. Aksanti kwa chakula."

Wakavaa makoti. Wakambusu mashavu, wakashuka ngazi. Maman Maître alibaki amesimama mkono bado kifuani, mdomo wazi. Mlango wa chini ulipofungwa ndipo alipozinduka, akaniambia mutoto, kimbia, kawaite. Nilikimbia na aproni. Basi lilikuwa linaondoka kituoni, na Papa Doyen alinipungia mkono dirishani kwa upendo. Jioni Maman Maître aliwapigia simu, akawaambia alikuwa anafuata desturi. Papa Doyen akamjibu kwamba mtu mzima amekataa mbele ya mashahidi wanne, na wote ni mawakili, sasa wafanye nini? Tena walikwisha pita kwa mwingine, na yule alikataa vizuri, mara mbili tu.

Maman Maître alinuna. Mon Père alimletea keki ya matufaha, yeye akamfungia mlango. Lakini siku moja, katikati ya faili la mpangaji, nilisikia nyuma ya kabati kitu kama kikohozi. Nikachungulia, nikamwona anacheka peke yake, machozi yanamtiririka, anajipiga paja. "Yule mupadri," akasema, "amenifundisha muzuri kupita." Tulicheka mpaka mwenye mapazia akapanda kuuliza kuna nini. Usiku huohuo karata zikarudi mezani.

Lakini chini ya kicheko alikuwa anaumia, na mimi niliyekaa upande wa pili wa kabati nilijua. Umri ulikuwa unakwenda. Goti lilikuwa limeanza kumshusha ngazi kinyumenyume. Watoto wa simu waliendelea kupiga, na mimi nilipomaliza staji yangu na kupata ofisi yangu ndogo, nafasi ya nyuma ya kabati ilijazwa kabla koti langu halijapoa. Kumi wengine walibaki nje. Ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa na tamaa ya picha wala ya kuketi na wakubwa, ingawa picha alizipenda pia, asidanganye mtu.

Mara ya tatu mimi mwenyewe nilikuwa kwenye ujumbe, mdogo kuliko wote, nimebeba soda. Tulikuwa hatujabonyeza kengele mlango ukafunguka. Alikuwa amevaa kitenge cha sherehe na hereni zake kubwa.

"Jibu ni ndiyo," akasema. "Ingieni mukule."

Papa Doyen alibaki kizingitini ameshika kofia. Alimwambia kwa upole kwamba bado hajaomba. Ana hotuba. Ameiandaa.

"Omba basi, papa. Miko nakusikiliza. Lakini jibu ni ndiyo."

Na Papa Doyen, Mungu ambariki, aliingia, akasimama katikati ya sebule akaomba kwa hotuba nzima, mwanzo mpaka mwisho, chama kinalia na yote. Maman Maître aliisikiliza ameketi mikono mapajani, anatabasamu waziwazi, na kila mzee alipopumua alimtupia: ndiyo. Mon Père alikuja na chupa kabla hotuba haijaisha.

Ukumbi safari hii ulijaa. Aliyeombwa mwingine alikuwa wakili wa ofisi kubwa, kijana msafi, sauti ya redio, mtu mzuri, sina ubaya naye. Alikuwa na marafiki wengi, na nilipohesabu nyuso niliona tunaweza kushindwa. Katika hotuba yake alisema, bila kumtaja mtu, kwamba kiti cha heshima apewe asiyekikimbilia. Anayekitaka sana tujiulize anakitakia nini. Watu walipiga makofi. Nilimtazama Maman Maître, nikaona anapiga makofi na yeye.

Akapanda. Hakuwa na karatasi. Aliongea Kifaransa, naweka hapa kwa Kiswahili.

"Ndugu yangu amesema vizuri tujiulize. Basi nijibu. Ninakitaka kiti hiki, na nimekitaka miaka. Kila mwaka watoto wetu wanamaliza sheria, wanapiga simu ofisi kubwa, wanaambiwa nafasi zimejaa. Mimi nikiwapigia kuwaombea, sekretari ananiambia Maître yuko mkutanoni. Lakini rais wa chama hiki akipiga, anapitishwa. Nimekaa pembeni ya marais wetu nikasikia kwa masikio yangu. Wamekuwa na simu hiyo miaka yote, na wameitumia kupanga chakula cha jioni. Mimi nataka hiyo simu. Basi, ndicho ninachotaka."

Akashuka. Hakuna aliyepiga makofi kwanza. Halafu nikaona wanasimama mmoja mmoja, huku na kule ukumbini: mwanamke wa Kirundi mwenye mimba, kijana wa Kiguinea, mwingine mwenye mvi tayari ambaye sikujua kabisa. Nikawatambua polepole. Wote walikuwa wamewahi kutundika koti nyuma ya lile kabati, miaka kabla yangu na baada yangu. Nikasimama na mimi, na huku nalia, sioni aibu kusema.

Kura zilikuwa za siri. Papa Doyen alizisoma moja moja kwa sauti yake ya kuomba, na kwa muda mrefu majina mawili yalikwenda sambamba, mimi nimeshika mkono wa Mon Père, aliyeingia kama mgeni na kukataa kutoka. Mwishoni jina la Maman Maître lilisomwa mfululizo, na Papa Doyen akavua miwani, akashindwa kuendelea. Hakukuwa na haja aendelee. Wa kwanza kumkumbatia alikuwa yule kijana wa sauti ya redio.

Rais anayeondoka, bwana mmoja wa Uvira, alichukua maikrofoni kuaga. Alimshukuru katibu, akaishukuru parokia, akaanza kumshukuru mke wake tangu walipokutana. Maman Maître alipita nyuma ya meza kuu akichechemea, akavuta kile kiti cha katikati, akaketi. Rais akageuka, akamwambia maman, mi sijamaliza.

"Endelea tu, papa," akamwambia. "Nakusikia muzuri kutokea hapa."

Ukumbi uliangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka, mikono miwili imeshika mikono ya kile kiti. Tulicheza mpaka wenye parokia wakazima taa. Aliimba, na siku hiyo hata watu wa Kinshasa walimwitikia.

Jumatatu nilipita Molenbeek na maua, mapema, kabla ngazi haijajaa. Nilidhani nitamkuta bado ana usingizi wa sherehe. Alikuwa mezani, koti hajavua, ameshika simu. Aliniashiria ninyamaze, akabonyeza sauti isikike. Ilikuwa ofisi moja ya mawakili wengi, yenye jengo lake la vioo, ambayo miaka ile ilinijibu mimi pia kwamba nafasi zimejaa. Sekretari akauliza nani anaongea. Akajitaja, jina lake, halafu cheo chake kipya, neno kwa neno, bila haraka. Sekretari akasema asubiri tafadhali, anampitisha kwa mkuu.

Maman Maître akafunika simu kwa kiganja. "Wamenipitisha," akaninong'oneza. Kisha sauti ya mwanamume ikaja, ikamsalimu kwa cheo chake, naye akakaa sawa, akamweleza bwana yule anachotaka, kwa sentensi moja.

Waliongea kidogo. Alipokata, alijipangusa uso kwa ncha ya kitambaa cha kichwani.

"Alhamisi banangojea mutoto wa kwanza," akasema. Halafu akachukua simu tena. "Bon. Nitafutie numéro ya ofisi ingine."